Matumizi ya kawaida na matumizi ya maendeleo: kwa nini paa la soko huachwa hadi lioze

Bajeti ya kaunti ina pande mbili. Matumizi ya kawaida ni yale ya kuendesha shughuli za kila siku: mishahara, mafuta ya magari, stima, dawa, karatasi za ofisi. Matumizi ya maendeleo ni ya vitu vinavyojengwa au kununuliwa ili vidumu miaka mingi, kama vile barabara, soko jipya au wodi ya hospitali. Mkaazi wa Nairobi anayejiuliza kwa nini jengo la umma linachakaa huku lingine likizinduliwa mtaa wa pili atapata sehemu kubwa ya jibu hapo.

Matengenezo ya majengo yako pande zote mbili. Kuzibua mfereji wa paa, kubadilisha mabati matatu, kurekebisha kufuli za choo: hayo ni matumizi ya kawaida. Kuezua paa zima na kuliezeka upya huitwa ukarabati, nao huandikwa upande wa maendeleo.

Kabla ya kuilaumu City Hall, makao ya serikali ya kaunti ya Nairobi, hakikisha jengo lenyewe ni lake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti masoko, zahanati na hospitali zake, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya mitaani, huduma za zimamoto na maktaba. Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa 1931, pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, iko chini ya kaunti. Shule za msingi, vituo vya polisi na ofisi za machifu ni za serikali ya kitaifa, na barua kuhusu paa lake ikipelekwa kwa mwakilishi wadi haitafika mbali.

Sasa chukua soko la mabati la mtaani, lile lenye mapaa mawili yanayokutana katikati. Yanapokutana pana mfereji wa bati unaopokea maji ya pande zote mbili. Mifuko, maganda ya mahindi na vumbi hupeperushwa na upepo hadi humo na kuganda. Mvua ikinyesha, maji yanakosa njia, yanajaa, yanapenya chini ya ukingo wa bati na kulowesha mbao. Mwenye kibanda huona tone moja tu, anatandika karatasi ya nailoni juu ya gunia la maharagwe na kuendelea kuuza. Misimu michache baadaye mbao zimeoza, misumari haishiki tena, bati linapigapiga kila upepo unapovuma, na maji yamefikia nyaya za stima. Kazi ya vibarua wawili na ngazi moja, asubuhi moja tu, sasa inataka mhandisi, michoro, zabuni na mkandarasi. Na vitabuni imehama: ilikuwa matumizi ya kawaida, sasa ni mradi wa maendeleo. Wenye vibanda nao huambiwa wapishe ujenzi, wakajitandazie bidhaa kando ya barabara bila kujua watarudi lini.

Kwa nini wale vibarua wawili hawakuitwa mapema? Kwanza, upande wa matumizi ya kawaida umebanwa. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinataka mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato yote, lakini hata kaunti ikitimiza hilo, bado pesa za kutoka Hazina ya Kitaifa zikichelewa mishahara ndiyo hulipwa kwanza. Nesi asipolipwa atagoma, na ana haki. Mfereji haugomi. Bajeti ya nyongeza inapoletwa katikati ya mwaka, pesa za matengenezo ni miongoni mwa zile rahisi zaidi kupunguza.

Pili, sheria yenyewe. Kifungu cha 107 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, katika kipindi cha miaka kadhaa, iende kwenye maendeleo. Ni kanuni nzuri, maana bila hiyo mishahara ingemeza kila kitu. Lakini hakuna kiwango cha chini kilichowekwa kwa ajili ya kutunza vilivyokwisha kujengwa. Barabara angalau zina ushuru wa mafuta wa kuzitunza, uliowekwa kwa sheria ya 1993. Majengo ya umma hayana kitu kama hicho, na kwa maoni yangu hili ni pengo ambalo Bunge la Kaunti lingeweza kuanza kuliziba kwa kujiwekea kiwango chake.

Halafu kuna swali ambalo wafanyabiashara huuliza kila siku, na wana sababu ya kuliuliza: ada tunayolipa inaenda wapi? Ada ya kibanda haibaki sokoni. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka mapato ya kaunti yaingie katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti, na yatoke humo kwa idhini ya sheria tu. Kwa hiyo msimamizi wa soko anaweza kukusanya ada mwezi mzima na bado asiwe na pesa za kununua bati moja. Hospitali na zahanati za umma zililegezewa mwaka 2023, ilipopitishwa sheria inayoziruhusu kubaki na mapato yao na kuyatumia papo hapo. Sioni kwa nini masoko nayo yasifikiriwe, mradi hesabu zibandikwe ukutani kila mtu azione.

Kalenda nayo haisaidii. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Pesa huanza kutoka polepole, na mvua za vuli hufika Oktoba kabla idara hazijakaa sawa. Masika ya Machi hadi Mei hukuta mifereji ile ile. Ikifika Juni kila idara inakimbilia kutumia kilichobaki kabla fungu halijafungwa, wakati mvua imeshapita na uharibifu umeshafanyika. Mfereji unatakiwa kuzibuliwa Septemba.

Kwa mkaazi, mwezi wa kukaa macho ni Mei. Makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30, kisha kamati ya bajeti hupokea maoni ya umma kabla ya kupitishwa mwishoni mwa Juni. Ukipata makadirio hayo, usikimbilie orodha ya miradi ya wadi yako. Fungua sehemu ya matumizi ya kawaida ya idara inayosimamia jengo lako, utafute mstari wa matengenezo ya kawaida, ulinganishe na mwaka uliotangulia. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, zinazotoka kila robo ya mwaka, zitakusaidia kuona kaunti ilitumia kiasi gani kwa jumla katika kila upande.

Kisha andika maoni yako kwa usahihi. Ombi la "tutengenezewe soko" husomwa kama ombi la mradi, nalo hupelekwa upande wa maendeleo kusubiri zabuni. Taja jengo, taja kazi, taja mwezi: mifereji ya paa na ya maji taka izibuliwe kila Februari na Septemba, mabati yaliyolegea yapigiliwe, gharama iwekwe kwenye matumizi ya kawaida ya idara, na jina la soko liandikwe kando ya kiasi hicho.