Kufumbua hesabu za maneno kwa vikundi: maana yake ni nini?

Hesabu ya maneno ni hesabu iliyofichwa ndani ya habari. Mtoto haoni 13 × 2,000 ubaoni. Anasoma kwamba mama fulani alinunua ndoo ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, akaigawa mafungu, akauza, na mwishoni anaulizwa faida. Alama ya kujumlisha haipo, wala ya kutoa. Ni yeye wa kuamua. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo ya Kinshasa, wengi tunasema "problemi", tukifuata Kifaransa. Kwingine wanaita fumbo, na mimi nalipenda neno hilo kwa sababu linataja kazi yenyewe: kwanza kufumbua, ndipo kuhesabu.

Kufumbua kwa vikundi ni pale watoto wawili, watatu au wanne wanapopewa fumbo moja na kulizungumza mpaka kila mmoja wao aweze kueleza habari inasema nini, hesabu gani inafaa, na kwa nini. Uzito wote uko kwenye "kila mmoja". Watoto wanne waliobanana kwenye benchi, mmoja akiandika na watatu wakinakili, wamekaa pamoja tu. Hawajafanya kazi ya kikundi.

Kwa nini wazungumze, wakati hesabu inaweza kufanywa kimya? Mwaka 1979 watafiti wa ufundishaji wa hisabati wa Grenoble, Ufaransa, waliwauliza watoto wa shule ya msingi swali hili: ndani ya meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Kati ya watoto 97, watoto 76 walitoa jibu kwa kutumia namba hizo hizo za kondoo na mbuzi. Hawakuwa wajinga. Walishazoea kwamba swali la mwalimu lazima liwe na jibu, na kwamba namba zikiwepo ni za kutumiwa. Mtoto wa hapa anayeziona meli za Goma zikiingia bandarini anajua vizuri kwamba mbuzi hawawezi kumwambia umri wa nahodha. Anajua akiwa ufukweni. Akiisha kukaa darasani na kalamu mkononi, anajumlisha.

Sasa mwombe mtoto huyo amweleze mwenzake kwa sauti: "nachukua kondoo, naongeza mbuzi, napata miaka ya nahodha." Mara nyingi hamalizi sentensi. Sikio lake linamkamata kabla ya mwalimu. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kikundi, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote.

Nitoe mfano wa darasa la nne. Fumbo lilikuwa hili: mama amenunua ndoo ya sambaza kwa franka 24,000. Ameigawa mafungu 15. Kila fungu ni franka 2,000. Mafungu 2 yameharibika kwa jua. Amepata faida gani?

Katika kikundi kimoja mvulana aliandika haraka: 15 × 2,000 ni 30,000, toa 24,000, faida 6,000. Akaweka kalamu chini. Msichana aliye karibu naye, ambaye mama yake anauza katika soko la Kadutu, akauliza: "Na ile yenye iliharibika, nani aliinunua?" Kimya kidogo. Wa tatu akajaribu kusaidia: 6,000 toa 2, inabaki 5,998. Sikuingilia, ingawa ulimi uliniwasha. Msichana akamtazama: "Mbili ya nini? Ya franka ao ya mafungu?" Basi wakarudi kwenye habari yenyewe, wakachora viduara 15 kwenye kaye, yaani daftari, wakafuta viwili, wakahesabu vilivyobaki: 13. Mara 2,000 ni 26,000. Faida ni franka 2,000.

Lile swali, "mbili ya nini?", lina thamani kuliko jibu lote. Mimi nimelisema mara nyingi mbele ya darasa na halikushika. Lilipotoka kwa mtoto mwenzao, lilishika, na wiki iliyofuata niliwasikia wakiulizana lenyewe katika vikundi vingine.

Kisha yule wa nne, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akasema: "Mwalimu, lakini batu banaombaka nyongeza." Kweli. Sokoni watu huomba nyongeza, yaani samaki kidogo wa ziada wa bure, na hakuna fungu linalotoka bila hiyo. Tukakubaliana kuandika chini ya fumbo kwamba siku hiyo mama hakutoa nyongeza. Hakuvuruga somo hata kidogo: alikuwa amegundua kwamba fumbo la kitabuni linaacha baadhi ya mambo ya maisha pembeni ili hesabu iwezekane, na kwamba ni halali kuuliza ni yapi.

Huku kwetu kuna sababu nyingine: lugha. Sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 inatambua lugha za taifa kama njia ya kufundishia, na Kiswahili ni mojawapo ya hizo nne. Lakini mtoto anavyopanda madarasa, vitabu na mitihani vinamjia kwa Kifaransa, na nyumbani huenda anaongea Mashi, lugha ya Washi wa huku. Akisoma kwamba Amani ana mawe 12, yaani 5 "de plus que" (zaidi ya) Neema, na akiulizwa Neema ana mangapi, macho yanaona "plus" na mkono unajumlisha: 17. Jibu ni 7, kwa sababu mwenye zaidi ni Amani. Kosa hili si la watoto wetu peke yao. Hata wanafunzi wakubwa wanaosoma kwa lugha yao ya mama hulifanya, neno la kuongeza linapowavuta mahali pa kutoa. Kikundi kinapoisimulia habari upya kwa Kiswahili kabla ya kugusa namba, na mmoja akawa Amani, mwingine Neema, mawe yakawekwa mezani, mtego unaonekana.

Kuhusu idadi: tangu shule ya msingi ya serikali ilipofanywa ya bure mwaka 2019, madarasa mengi yamejaa, na walimu huniambia vikundi haviwezekani. Vinawezekana bila kusogeza hata benchi moja. Walio benchi la mbele wanageuka nyuma, basi. Kelele itakuwepo. Mimi huanza kwa dakika mbili za kila mtoto kusoma peke yake, la sivyo mwepesi anawameza wengine kabla hawajaanza. Kalamu ni moja kwa kikundi na inazunguka. Mwenye kalamu haandiki wazo lake mwenyewe, anaandika analoambiwa. Mwishoni namchagua mimi wa kueleza ubaoni, bila kutangaza mapema, ili yule mwepesi awe na sababu ya kuhakikisha mwenzake ameelewa.

Kuna jambo moja la kuangalia sana. Kikundi kinaweza kukubaliana wote juu ya kosa. Mvulana wa 6,000 angekuwa na sauti kubwa zaidi, wangesaini wote. Kwa hiyo kukubaliana si uhakika. Ninapowakuta wamekubaliana haraka mno, sisemi ni kweli wala si kweli. Naomba waniigizie habari tangu mwanzo: nani anashika ndoo, nani analipa, pesa ziko mfuko gani jioni, na sambaza zilizoharibika ziko wapi.