Keteka (mtunza jengo) wa hosteli: wanayodhani wenye nyumba na ilivyo kisheria

Hosteli zinazozunguka Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mjini Kakamega, Kenya, katika mitaa ya Lurambe na Kefinco, nyingi zimejengwa na watu wenye kazi nyingine: walimu, wauguzi, wastaafu. Ujenzi waliuweza. Kuajiri ndiko kunakowachanganya.

"Keteka analala bure, chumba ni nusu ya mshahara." Dhana hii ndiyo sugu zaidi. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri atoe malazi yanayofaa au pesa za kodi, mbali na mshahara. Kile chumba cha kando ya geti kinakuondolea marupurupu ya nyumba tu. Mshahara wa msingi hauguswi, wala haushuki chini ya kima cha chini cha kazi hiyo. Tena kwa sababu analala pale, mwenye nyumba humhesabu kuwa kazini usiku na mchana bila nyongeza! Kanuni za jumla za mishahara zinaweka saa 52 kwa siku sita za wiki, na ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Mwanafunzi akigonga geti saa nane usiku, hiyo ni kazi.

"Mama wa usafi ni kibarua, namlipa kila jioni." Akishafanya kazi siku mfululizo zinazotimiza mwezi, kifungu cha 37 kinamtoa kwenye ukibarua. Kumwachisha kunahitaji notisi ya siku 28.

"Chuo kikifungwa, mshahara nao unafungwa." Mkataba wa mwezi haufuati kalenda ya chuo. Afadhali likizo ndefu ndiyo iwe wakati wake wa kuchukua zile siku 21 za mapumziko yenye malipo anazodai kila mwaka, na muda uliobaki vyumba vipakwe rangi.

"Koki ikivunjika, namkata." Labda kama aliivunja makusudi.

La mwisho si la sheria: "Keteka wangu mwaminifu, kodi itumwe kwa simu yake." Hapo unamtega. Pesa zinachanganyika na zake, mwanafunzi anaapa alilipa, risiti hakuna, na kabla ya mitihani watu wameshaitana wezi. Weka nambari ya malipo iliyosajiliwa kwa jina lako. Keteka abaki na daftari la vyumba na funguo.