Je, wajua kwa nini fundi wa matandiko ya farasi hushona kwa sindano mbili na uzi mmoja?

Cherehani za kushonea ngozi zimo viwandani tangu karne ya 19. Zinatoboa ngozi nene bila shida na kumaliza mshono mrefu wakati fundi wa mkono bado anaupaka uzi wake nta. Hata hivyo, ukiingia leo katika karakana ya fundi mkongwe wa matandiko ya farasi, iwe Walsall huko Uingereza, iwe Paris, iwe Sheridan katika jimbo la Wyoming, Marekani, utamkuta ameketi na kibano kirefu cha mbao katikati ya mapaja, sindano moja mkono wa kulia, nyingine wa kushoto, na zote mbili zimetungwa ncha za uzi uleule. Kwa nini asiiachie mashine kazi yote?

Jibu limo ndani ya tundu ambalo sindano hupitia kwenye ngozi, mahali ambapo jicho halifiki.

Cherehani hutumia nyuzi mbili, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Nyuzi hizo hazivuki kwenda upande wa pili. Hukutana katikati ya unene wa ngozi, zikashikana, kisha kila mmoja ukarudi upande wake. Kwa shati au pazia, hilo linatosha kabisa. Mshono wa tandiko una maisha mengine. Unasuguliwa na goti la mpanda farasi, unalowa jasho la mnyama, unapigwa jua na mvua. Uzi wa juu ukilika mahali pamoja, yale mapigo ya mshono yaliyo jirani yanakosa cha kuyashikilia, na kila farasi anapoutanua mwili, mshono unazidi kufumuka.

Kwa mkono, kila tundu hupitwa na ncha zote mbili, moja ikitoka kulia na nyingine kushoto, zikapishana humo ndani. Uzi ukikatika upande mmoja, ule wa upande wa pili bado umeshika, na ncha iliyokatika imebanwa na ngozi pamoja na nta, haitoki upesi. Mshono wa namna hiyo huchakaa polepole, ukaonekana umechakaa, na mwenye tandiko akapata nafasi ya kulirudisha kwa fundi. Mtu aliye juu ya mnyama wa kilo 500 anayekwenda mbio hana muda wa kugundua kwamba mkanda wa kikuku, yaani chuma anachokanyagia mguu, umeachia.

Kazi yenyewe inataka kutazamwa kwa karibu. Kwanza fundi huchora mfereji mwembamba juu ya ngozi ili uzi ulale chini ya uso wake na usiguswe na msuguano. Kisha hupiga alama kwa chuma chenye meno, nane, kumi au hata kumi na mbili kwa inchi moja, kutegemea kazi. Alama hizo hazitoboi. Zinaonyesha njia tu. Tundu lenyewe hutobolewa kwa msharasi, moja baada ya jingine, papo kwa papo. Ncha ya msharasi wa fundi wa matandiko si ya duara. Imebapa kwa umbo la almasi, kwa hiyo inaacha mwanya mwembamba ulioinama badala ya shimo. Ngozi hujifunga tena kuuzunguka uzi. Ndiyo maana mapigo ya mshono mzuri wa mkono hulala mshazari, yote kwa mwelekeo mmoja.

Sindano zake ni butu kwa makusudi, kwa kuwa njia imeshafunguliwa, na sindano kali ingeuchoma uzi uliokwisha kupita. Uzi ukichomwa ndani ya tundu, hauteleziki tena na pigo hilo halikazi. Fundi hupitisha sindano ya kwanza, huuvuta uzi kidogo pembeni ili kuacha nafasi, hupitisha ya pili nyuma yake, kisha huvuta mikono yote miwili kwa nguvu sawa. Msharasi hauwekwi chini hata mara moja. Unabaki kiganjani pamoja na sindano ya kulia. Anayejifunza huona jambo hili haliwezekani. Mkongwe halifikirii tena, na mkazo wa pigo la kwanza na la mwisho hauachani.

Uzi wa asili wa kazi hii ni wa kitani, uliopakwa nta ya nyuki. Nta inazuia maji, inaufanya uzi ushike, na inaziba nafasi ndogo iliyobaki ndani ya tundu. Siku hizi wengi hutumia poliesta, ambayo haiozi kwa jasho, na sioni kosa katika hilo. Wala si kweli kwamba fundi wa kweli haigusi cherehani. Matandiko mengi mazuri yana sehemu zilizoshonwa kwa mashine, hasa zile zisizobeba uzito. Mikanda ya vikuku, ya tumbo na hatamu ndiyo inayostahili mkono.

Mshono huo mzuri ukiushona kwenye ngozi mbaya, umejisumbua bure. Ngozi nyingi duniani leo husindikwa kwa chumvi za kromi, kazi ya siku chache, nayo hutoka laini na yenye kunyumbulika, nzuri kwa viatu vingi na viti vya magari. Fundi wa matandiko hutaka ile iliyosindikwa kwa magome ya miti. Tanini iliyomo katika magome huingia taratibu kati ya nyuzinyuzi za ngozi na kuifanya iwe nzito, imara, yenye kushika umbo ulilolipa. Huko Colyton, kusini magharibi mwa Uingereza, kiwanda cha J & FJ Baker bado hutumia magome ya mwaloni, na ngozi zake nene hukaa zaidi ya mwaka mzima kabla hazijawa tayari. Sisi tuna mchango wetu katika jambo hili: miwati ya Njombe, Tanzania, ilipandwa kwa ajili hiyohiyo. Kampuni ya TANWAT ilianzishwa huko mwaka 1949, na tanini ya magome ya miwati huuzwa kwa wasindikaji wa ngozi nchi za mbali.

Hata katika ngozi moja ya ng'ombe, si kila mahali panafaa. Ya mgongoni ina nyuzinyuzi zilizoshikamana, nayo ndiyo ya kukata mikanda. Ya tumboni imelegea. Ukiikatia mkanda wa kikuku, baada ya muda mguu mmoja wa mpandaji utakuwa chini kuliko mwingine. Kuisoma ngozi kwa vidole, kujua wapi itavutika na wapi itakataa, ndiko kunakochukua miaka. Kisu cha kuikatia, chenye umbo la nusu mwezi, ni cha kale mno. Kimechorwa katika kaburi la Rekhmire huko Thebes, Misri, miaka ipatayo 1450 kabla ya Kristo, kikiwa mikononi mwa mafundi wa ngozi.

Walsall ndiyo mji uliojijenga juu ya kazi hii kiasi kwamba timu yake ya mpira inaitwa The Saddlers, yaani mafundi wa matandiko. Huko tandiko lilipita mikono mingi: kulikuwa na mkata ngozi, mshonaji, mtengeneza kiunzi, na wahunzi wa lijamu na vikuku. Paris nako, Hermès, ambayo wengi wanaijua kwa mikoba ya bei kali, ilianza mwaka 1837 kama karakana ya vifaa vya farasi, na hata mikoba yake hushonwa kwa mshono huohuo wa sindano mbili.

Wyoming ni habari nyingine. Tandiko la mchunga ng'ombe lina kiunzi cha mbao kilichowambwa ngozi mbichi kama ngoma. Ngozi hushonwa ikiwa imelowa, na ikikauka inajikaza na kuibana mbao isipasuke. Lazima iwe hivyo, kwa kuwa kamba iliyomnasa fahali hufungwa kwenye pembe ya mbele ya tandiko, na mshtuko wote unaishia hapo. Juu ya uimara huo mafundi wakaweka urembo. Don King wa Sheridan, aliyeishi kati ya 1923 na 2007, ndiye anayetajwa zaidi kwa mtindo wa kuchonga maua ya waridi mwitu ndani ya mizunguko inayoshikana. Ngozi hulowekwa kidogo, ikaachwa hadi rangi yake ikaribie kurudi kama ilivyokuwa kavu. Fundi huigusisha shavuni. Ikiwa bado na ubaridi, wakati wa kuchonga umefika. Ikiwa imelowa mno, mchoro unavimba na kufutika. Ikikauka mno, kisu kinakwaruza.

Lakini anayehukumu kazi yote ni mnyama. Tandiko lazima liache mfereji wazi juu ya uti wa mgongo, uzito ugawanyike pande mbili kwenye misuli. Matandiko ya Kiingereza hujazwa sufu chini, na sufu hiyo hushindiliwa upya kila farasi anaponenepa au kukonda. Kanuni hiyo haibagui. Lamu, ambako shirika la kuhudumia punda, The Donkey Sanctuary, limekuwa ikitibu punda tangu 1987, vidonda vya mgongoni huja kwa sababu ileile: mzigo au kamba iliyokaa mahali pasipo na nyama ya kuupokea uzito.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha ya fundi mkongwe si kutengeneza vipya. Ni kurekebisha. Anachomoa uzi uliolika, anasafisha matundu, anashona upya kwa kupitia matundu yaleyale ya zamani, kwa sababu kila tundu jipya linapunguza nguvu ya ngozi, na mkanda uliotobolewa mara mbili mbili hukatika kwenye mstari wa mshono. Hapo ndipo anapoona mishono ya wenzake iliyodumu na iliyoshindwa. Wewe mwenyewe ukipeleka mkanda au mkoba wa ngozi nzuri ukashonwe, mwambie fundi apite kwenye matundu ya awali. Na ukitaka kujua kama ulishonwa kwa mkono, geuza upande wa nyuma: mapigo ya mbele yataonekana yamelala mshazari, ya nyuma yamenyooka kidogo zaidi, na hutaona uzi wa rangi ya pili ukichungulia kwenye tundu.