Ragnaros hakuwa mgumu, wagumu walikuwa watu 40

Wiki hii tena. Kijana kaja inbox, "bro, WoW ya kitambo ndo ilikuwa gemu ngumu, hizi za sasa ni za watoto". WoW ni World of Warcraft, gemu la mtandaoni la mwaka 2004 ambalo mnacheza wengi kwa pamoja. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika hapa, mwingine akija nabandika linki tu.

Mimi ni priest, kazi yangu kuponya, na Classic, yaani lile gemu la kitambo lililorudishwa, ilipofunguliwa Agosti 2019 niliongoza redi (mapambano ya kundi kubwa) za Molten Core, pango la watu 40 ambalo bosi wake wa mwisho ni Ragnaros, karibu mwaka mzima. Mle ndani mabosi wengi wana kitu kimoja au viwili tu. Lucifron, mnaondoa laana, imeisha hiyo. Baron Geddon anamgeuza mmoja wenu kuwa bomu, mna sekunde 8 huyo mtu asogee mbali na wenzake. Sasa kati ya watu 40 bomu linamwangukia jamaa aliyeenda jikoni kugeuza chapati, mhusika wake kasimama katikati ya sisi waponyaji, napiga kelele kwenye maiki "kimbia kaka, kimbia!", kimya, halafu nashtukia wote tumerushwa juu na nusu yetu tumelala chali. Huo ndo ugumu wenyewe jamani, chapati.

Mwaka 2005 ilichukua miezi kama mitano tangu gemu litoke ndo Ragnaros akauawa mara ya kwanza. 2019 hakumaliza wiki, na baadhi ya waliomuua hata levo 60, ya juu kabisa, hawajafika.

Ila na nyie mnaoikimbiza hiyo namba kama ushahidi wa mwisho, tulieni. Classic ilijengwa juu ya pachi (toleo la marekebisho) 1.12, ya mwishoni kabisa mwa gemu la kwanza, talanta zilishatengenezwa vizuri na silaha nyingi zimeboreshwa, wakati wale wa 2005 walipigana na kilichokuwepo, tena bila mtu wa kuwaelekeza. Halafu kuna kitu hakisemwi kabisa: bosi kwenye Classic hiyo alikuwa anabeba athari mbaya 16 tu kwa wakati mmoja, ya 17 ikiingia moja inadondoka. Kwa hiyo nilikuwa nawaambia warlock, wachawi waliokuja kwa ajili ya laana zao, msirushe laana zenu, pigeni Shadow Bolt, pigo lao la kawaida, tu mpaka asubuhi. Mtu analipia kila mwezi kubonyeza kitufe kimoja! Wengine wanauita huo ugumu, mimi nauita usumbufu.

Na hapo ndo sina uhakika na maneno yangu mwenyewe. Kutembea kwa miguu mpaka levo 40 ndo upate farasi, kusimama mjini Ironforge unaita watu waje muingie pamoja shimoni kupigana, nusu saa nzima, ni usumbufu, sawa, lakini wale niliowapata kwa kuita vile mpaka leo tunapigiana simu, na kwenye gemu la sasa kitufe kinanikusanyia wanne na hatusalimiani hata. Kukusanya watu 40 saa tatu usiku na wote wawe na bando, hiyo nayo si uwezo? Sijui mpaka uko wapi.

Nilimtumia kijana haya yote. Kajibu kwa kifupi: "Mythic umemaliza?" Hicho ndo kiwango kigumu kuliko vyote cha redi za gemu la sasa.

Sijamaliza. Nimekwama bosi wa tatu.