Hela za kuonyesha mpakani: yanayosemwa mitaani na sheria zinavyosema

Mtu akishasema anakwenda kutembea Ulaya au Dubai, ushauri humjia kila upande. Shangazi anamwambia asitoke nyumbani bila dola elfu tano mkononi. Rafiki aliyewahi kwenda anamwambia hakuna aliyemuuliza hata senti. Wakala wa viza anamwambia kwa laki mbili tu atamwekea milioni tisa kwenye akaunti, zikae siku nne, taarifa ya benki ichapwe, kisha zitolewe. Wote wanazungumzia jambo moja: uthibitisho kwamba mtalii ana fedha za kumtosha mpaka atakaporudi kwao. Huyo wakala ndiye anayeweza kukuharibia safari zako kwa miaka mingi, kwa hiyo naanza na biashara yake.

“Kinachoangaliwa ni salio la mwisho”

Sivyo. Anayesoma taarifa ya benki ubalozini huisoma kuanzia juu kushuka chini. Chukua mfano wa kubuni wa mwalimu wa sekondari. Kila mwezi tarehe 24 unaingia mshahara wa shilingi 850,000. Keshoyake zinakatwa 220,000 za marejesho ya mkopo. Zinafuata ndogondogo: umeme, vocha, ada ya mtoto, kutuma nyumbani. Mwisho wa mwezi salio linabaki kama 90,000. Miezi mitano inakwenda hivyohivyo. Halafu, siku nne kabla taarifa haijachapwa, unatokea mstari mmoja: fedha taslimu zimewekwa, 9,000,000.

Salio sasa linapendeza, ila mstari huo umeifanya taarifa yote itiliwe shaka. Swali linalofuata haliepukiki: hizi zimetoka wapi, na je, ni zako kweli? Kama huna jibu lenye karatasi, milioni tisa hizo zinakudhuru kuliko ile 90,000 yako halali.

Hapa nataka nieleweke vizuri, kwa sababu kuna watu waaminifu wanaoingiwa na hofu bure. Hela kuingia kwa mkupuo si kosa. Watu huuza viwanja, hupokea zamu yao ya kikoba, hulipwa mafao, huchangiwa na ndugu. Kinachotakiwa ni kueleza na kuthibitisha: mkataba wa mauzo ya kiwanja, barua ya SACCOS, hati ya malipo ya mafao, au barua ya kaka aliyetuma pamoja na taarifa ya akaunti yake inayoonyesha hela zikitoka siku hiyohiyo. Barua fupi ya maelezo, nusu ukurasa, yenye tarehe na kiasi kinacholingana na ule mstari wa benki, inamjibu ofisa kabla hajauliza.

Hela za kukodi ni jambo jingine kabisa, na taarifa ya benki ya kughushi ndiyo mbaya zaidi. Uingereza ikibaini udanganyifu katika maombi, inaweza kukufungia mlango kwa miaka 10. Kanada ni miaka 5. Marekani, aliyedanganya jambo la msingi ili apate viza huzuiwa maisha yake yote, isipokuwa apewe msamaha maalumu. Wakala aliyekutengenezea hayo hapati adhabu hiyo. Jina lililo kwenye fomu ni lako, na sahihi ni yako.

Wafanyabiashara nao wana shida yao. Mtu ana duka Kariakoo, anazungusha mamilioni, lakini benki anapita mara mbili kwa mwaka. Akaunti yake inamwonyesha kama hana kitu. Huyu asikimbilie kukopa hela za kuonyesha. Aanze mapema, miezi sita kabla ya safari ikiwezekana, kupitisha mauzo benki, na aambatanishe leseni ya biashara, cheti cha TIN, ushahidi wa kulipa kodi, ripoti za Z (za mauzo ya kila siku) za mashine ya risiti ya EFD, na taarifa ya miamala ya simu. Taarifa ya M-Pesa peke yake mara nyingi haitoshi, lakini ikiwekwa pamoja na ya benki inasaidia sana kuonyesha hela inaingiaje.

Halafu kuna Marekani, ambako watu wengi hukataliwa wakiwa na salio nono na kubaki wanashangaa. Kifungu cha 214(b) cha sheria yao ya uhamiaji kinamchukulia kila mwombaji wa viza ya matembezi kuwa ni mhamiaji mpaka yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo. Dirishani unaulizwa kuhusu kazi yako, familia yako, na kwa nini utarudi. Hakuna kiasi kilichowekwa kisheria ambacho ukikifikisha unapewa viza.

“Nikishapata viza, uwanjani ni kugongewa muhuri tu”

Dhana hii inawaponza hata wasafiri wazoefu. Kwa nchi 29 za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya matembezi, kanuni zao za viza zinasema waziwazi kwamba kuwa na viza hakukupi haki ya moja kwa moja ya kuingia. Kanuni za mipaka yao, kifungu cha 6, zinataka mgeni aweze kueleza mpakani sababu ya safari na kuonyesha kwamba ana fedha za kukaa na za kurudi. Kwa hiyo zile karatasi ulizopeleka ubalozini unaweza kuulizwa tena usiku wa manane na afisa uhamiaji ambaye hajawahi kuliona faili lako. Ndivyo ilivyo Marekani pia: uamuzi wa mwisho ni wa afisa aliye kwenye kituo cha kuingilia.

Wengi hawaulizwi, ni kweli. Yule rafiki aliyepita bila swali hakudanganya. Lakini kupita kwake hakumfungi afisa atakayekukuta wewe.

Beba nakala kwenye begi la mkononi. Nasisitiza la mkononi, kwa sababu begi kubwa utalikuta baada ya kupita uhamiaji. Weka humo tiketi ya kurudi, uthibitisho wa malazi, bima ya safari (kwa Schengen kinga yake isipungue euro 30,000), taarifa ya benki ya karibuni, na barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo. Simu huzima chaji, na intaneti ya uwanjani si ya kuitegemea.

Tena wa kwanza kukuuliza anaweza asiwe afisa uhamiaji. Shirika la ndege likimpeleka abiria asiyeruhusiwa kuingia, linabeba jukumu la kumrudisha, na mara nyingi linapigwa faini. Ndiyo maana mhudumu wa kaunta pale Dar es Salaam au Nairobi huangalia masharti ya nchi unakokwenda kwenye mfumo uitwao Timatic kabla ya kukupa kadi ya kupandia ndege.

“Kuna kiasi kimoja kinachotakiwa”

Hakuna. Hata ndani ya Schengen, kila nchi hutangaza kiwango chake, na namna ya kukokotoa inatofautiana.

Ufaransa inaangalia malazi. Ukiwa umeshalipia hoteli, ni euro 65 kwa siku. Usipokuwa na hoteli, ni euro 120. Ukifikia kwa mtu mwenye cheti rasmi cha kumpokea mgeni, kile kinachoitwa *attestation d'accueil*, ni euro 32.50. Tuseme unakaa Paris siku 10, na umelipia hoteli siku 6 tu. Hizo 6 ni euro 390, na zile 4 zilizobaki ni euro 480. Jumla 870. Ungelipia hoteli siku zote 10, ungehitaji kuonyesha 650. Watu wanaohangaika kuongeza salio wangeweza kupunguza kiasi wanachodaiwa kwa kupanga malazi mapema.

Hispania ina hesabu nyingine. Inachukua kima cha chini cha mshahara wa nchi yao, ambacho hubadilika mara kwa mara, na kudai asilimia 10 yake kwa kila siku. Lakini kuna sakafu: asilimia 90 ya kima hicho hata kama unakaa siku mbili. Kwa mwaka 2025 ilikuwa euro 118.40 kwa siku, na isipungue 1,065.60 kwa kila mtu. Ndiyo maana anayesema “mimi nakaa wikiendi tu, mia tatu zinanitosha” anaweza kukwama Madrid. Ubelgiji hudai euro 95 kwa siku kwa anayekaa hotelini na 45 kwa anayefikia kwa mtu. Uswisi ni faranga 100 kwa siku.

Nje ya huko, New Zealand inataka dola zake 1,000 kwa kila mwezi wa kukaa, au 400 kama malazi yameshalipiwa. Thailand inaweza kukutaka uonyeshe baht 20,000, au 40,000 kwa familia. Uingereza haina kiwango kabisa: inataka tu uweze kugharimia safari yako yote bila kufanya kazi wala kutegemea misaada ya umma. Na hapo ndipo ilipozaliwa hadithi ya “siku 28”, kwamba hela lazima zikae benki siku 28 bila kuguswa. Sharti hilo ni la viza za aina nyingine, kama ya mwanafunzi. Mtalii halimhusu.

Lakini Dubai, kwa ile viza ya utalii ya miaka mitano, wanataka akaunti iwe na dola 4,000 kwa kipindi cha miezi sita iliyopita. Kwa hiyo usichukue sharti la nchi moja ukalipeleka nyingine. Soma tovuti ya ubalozi husika wiki ile unayotuma maombi.

“Nina mwaliko, mwenyeji atagharimia kila kitu”

Inawezekana, lakini si kwa barua ya kawaida ya “namkaribisha mdogo wangu, nitamlisha na kumlaza”. Ujerumani mwenyeji huenda ofisi ya wageni ya mji wake na hati za mshahara wake mkononi, akatia saini hati iitwayo *Verpflichtungserklärung*. Hati hiyo ina meno: mgeni akilazwa hospitali bila bima au akirudishwa kwao kwa gharama za serikali, mwenyeji anadaiwa, na dhamana inaweza kumfuata hadi miaka 5. Ndugu zetu wanaoishi huko wanapositasita kusaini, wasionekane wana roho mbaya. Wanachoombwa ni kikubwa.

Hispania kinyume chake: barua yao rasmi ya mwaliko, inayotolewa na polisi, inathibitisha malazi tu. Hela za matumizi bado ni juu ya mgeni. Uingereza inamkubali mfadhili mradi awe na uhusiano wa kweli na wewe, awe huko kihalali, na aonyeshe kwamba anao uwezo na atafanya hivyo. Marekani, ahadi za ndugu aliye kule haziwezi kuchukua nafasi ya kazi na familia uliyonayo hapa.

“Keshi ndiyo inayoaminika”

Keshi inakubalika, na kadi pia inakubalika, ila masharti ni muhimu. Hispania hiyohiyo, kadi inabidi iambatane na taarifa ya akaunti au kitabu cha benki cha karibuni, na kanuni yao ya mwaka 2007 imekataa barua za benki na taarifa zilizochapwa kutoka intaneti. Yaani ile PDF uliyojitumia kwenye barua pepe inaweza isihesabiwe. Nenda tawini, wakuchapie na wagonge muhuri. Na kabla ya kuondoka hakikisha kadi yako imefunguliwa kutumika nje ya nchi. Benki nyingi huifunga mpaka uombe.

Shilingi, iwe ya Tanzania au ya Kenya, usiitegemee. Afisa wa Lisbon hana namna ya kujua milioni moja ni kiasi gani, na maduka mengi ya kubadilishia fedha huko hayaipokei. Badilisha kabla.

Na ushauri wa “beba nyingi iwezekanavyo” una hatari yake. Ukiingia au kutoka Umoja wa Ulaya na euro 10,000 au zaidi, lazima utoe tamko forodhani. Marekani ni zaidi ya dola 10,000. Tanzania na Kenya nazo zinadai tamko kuanzia dola 10,000 au thamani yake. Kubeba hakukatazwi. Kinachokatazwa ni kukaa kimya, na hela usizozitolea tamko zinaweza kushikiliwa.

“Wakinizuia, ndiyo basi”

Ukizuiwa kwenye mpaka wa Schengen, una haki ya kupewa uamuzi kwa maandishi kwenye fomu ya kawaida. Sababu zimepangwa kwa herufi, na ya fedha ni G: kutokuwa na fedha za kutosha kulingana na muda na aina ya ukaaji, au za kurudi. E ni kukosa nyaraka za kueleza sababu na mpango wa safari. Tazama imewekwa alama herufi gani, kwa sababu unaweza kudhani umekataliwa kwa hela kumbe umekataliwa kwa E, kwa mfano hoteli uliyoitaja haina nafasi iliyowekwa kwa jina lako.

Rufaa ipo, na wanatakiwa wakupe mawasiliano ya mahali pa kupata msaada wa kisheria. Kukata rufaa hakukuzuii kurudishwa, utapanda ndege kwanza. Usisaini usichokielewa bila kuomba mkalimani, na ile fomu usiitupe kwa hasira. Maombi yako yajayo, karibu popote, yatauliza kama umewahi kuzuiwa kuingia nchi yoyote. Jibu ndiyo, weka nakala ya fomu, na uonyeshe safari hii nini kimebadilika: hoteli iliyolipiwa kwa jina lako, au akaunti ambayo miezi sita yote inasomeka bila kuruka.