Chembe za nano na saratani: yasemwayo na yaliyopo

Mgonjwa anayekwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hakosi jirani wa kumwambia aachane na kemo, kuna dawa ya nano, yaani ya chembe ndogo mno, inauzwa kwa chupa, ya kunywa, inaifuata saratani popote ilipo. Nawasihi, msimtoe mtu kwenye matibabu kwa maneno hayo.

"Chembe za nano zinaitafuta saratani zenyewe." Hazitafuti. Dawa ya saratani ya nano kama Doxil huingia kwa dripu na kuzunguka na damu mwili mzima. Uvimbe wa saratani hujijengea mishipa ya damu kwa pupa, kuta zake zikabaki na matundu. Chembe ya nanomita 100 hivi, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, hupenya hapo ikanasa, wakati kuta za mishipa yenye afya huizuia. Matsumura na Maeda wa Japani walilieleza jambo hili mwaka 1986. Hata hivyo zinazofika ni chache mno: uchambuzi wa tafiti za wanyama uliochapishwa 2016 ulikuta kwamba kwa kawaida hata asilimia 1 ya dozi haifiki kwenye uvimbe. Nyingi hukamatwa na ini na wengu. Hapo ndipo watafiti wanapohangaika hadi leo.

"Ni mambo ya miaka ijayo." Marekani iliidhinisha Doxil mwaka 1995, kwanza kwa saratani ya Kaposi kwa wenye UKIMWI, ugonjwa tunaoujua vizuri huku kwetu.

"Haina madhara." Ndani ya Doxil mna doksorubisini, ile dawa nyekundu ya kemo, imefungwa kwenye vifuko vidogo vya mafuta. Kufungwa huko kunaupunguzia moyo madhara, na hiyo ni nafuu kubwa. Lakini vifuko hukaa muda mrefu kwenye damu, dawa ikafika hadi kwenye ngozi: viganja na nyayo huwa vyekundu, huuma, pengine hubabuka. Ukianza kuhisi viganja vinawaka, mwambie nesi mapema, usisubiri kliniki ijayo. Na maji ya moto yaepuke.

"Kwenye picha, chembe huwaka palipo na saratani." Kwa chembe za oksidi ya chuma zilizotumika kupiga MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku) ya ini, mambo ni kinyume. Seli za ulinzi za ini lenye afya huzimeza, ini likawa jeusi kwenye picha. Uvimbe hauna seli hizo za kutosha, kwa hiyo hubaki mweupe, na daktari anausoma kwa sababu chembe hazikuingia.