Kubebwa Ngazini Si Kuingia

Asubuhi moja nilikaa nje ya ofisi ya huduma za umma hapa kisiwani Mombasa, daftari mkononi na tepu ya kupimia mfukoni. Mama mmoja wa makamo alifika kwa tuktuk, akashushwa pamoja na kiti chake cha magurudumu. Mlangoni pana vidato vinne. Kabla hajatamka neno, vijana watatu walitoka kwenye foleni, "Mama, shika hapo," wakamwinua yeye na kiti hadi juu. Watu wakawaombea dua. Buibui lake lilikuwa limenaswa na gurudumu, mguu umefunuka mpaka gotini mbele ya foleni nzima, naye hawezi kujisitiri kwa sababu mikono yote miwili imeshika kiti asianguke.

Alipotoka nilimwuliza ilikuwaje. "Wameniinua vizuri, Mungu awalipe," akasema. "Lakini mie sikuja kuinuliwa. Nalikuja kutaka cheti cha mwanangu."

Kando ya ngazi zile kuna rampu, yaani mteremko wa kupandia badala ya vidato. Niliipima. Vidato vyote vinne vina kimo cha sentimita 60, na kipimo kinachotumiwa sana na wasanifu ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda ipewe angalau sentimita 12 za kwenda mbele. Kwa hiyo rampu ile ilipaswa kuwa na urefu wa mita 7 na sentimita 20. Ina mita 2. Hata mtu mwenye mikono ya nguvu hawezi kujisukuma kuipanda, na akishuka kiti kitamkimbiza mpaka barabarani. Siku hiyo juu yake palikuwa pameegeshwa pikipiki. Aliyeijenga alitaka ionekane ipo, na ikaonekana.

Katika utafiti wangu hapa Pwani ni hilo la kubebwa ndilo linalonishughulisha zaidi. Vijana wale hawakukosa adabu, na ningekuwa na kifua chao ningewasaidia. Ila kila mara mtu anapobebwa na sisi tukaridhika, ngazi inasamehewa. Tunarudi nyumbani tukisifu wema wa watu wa Mombasa, na vidato vinne vinabaki palepale vikimsubiri mwingine. Na siku vijana hawapo je? Mama huyo amewahi kurudishwa na mlango kama huo zaidi ya mara moja, akalipa tuktuk kwenda na kurudi bila kufanikiwa.

Huu ndio ubaguzi wa ulemavu ninaouchunguza, na mara nyingi hauna tusi hata moja. Unaanzia pale tunapoamua kimyakimya kwamba mtu wa kawaida anatembea, anaona, anasikia na ana haraka, kisha tukajenga mji kwa ajili ya huyo peke yake. Mwingine yeyote akija, anakuwa tatizo la kuhurumiwa. Utauona mkahawani, mhudumu anapompita asiyeona na kumwuliza aliyemshika mkono, "Huyu ataka nini?" Utauona kwenye matatu, utingo anapodai nauli ya kiti cha magurudumu kama mzigo, au anapopiga bodi gari liondoke kabla mwenye magongo hajafika mlangoni.

Umo hata katika lugha yetu tamu. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema: tumewatia wote katika umbo la majina ya vitu, kama kiti na kijiko. Najua kijana na kiongozi nao wana ki-, na sidai kwamba silabi ndiyo yenye kosa. Lakini kiongozi anaitwa kwa kazi yake, na kiwete anaitwa kwa mguu wake, kana kwamba hana jingine. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Kifungu hichohicho kinampa haki ya kufika kwa njia zinazofaa mahali pote, kwenye usafiri wa umma na kwenye habari. Jina na ngazi vimewekwa pamoja, na naona ni sawa kabisa.

Kujenga tangu mwanzo kwa namna inayomfaa kila mtu huitwa usanifu kwa wote, na aliyelipa wazo hilo jina naye alikuwa mtu wa kubebwa. Ronald Mace, Mmarekani, alipata polio akiwa na umri wa miaka 9. Alipokwenda kusomea usanifu wa majengo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, ilibidi abebwe ngazini kupanda na kushuka ili ahudhurie masomo. Alihitimu mwaka 1966, na 1989 akaanzisha kituo cha utafiti katika chuo kikuu hichohicho. Mwaka 1997 yeye na wenzake walitoa kanuni 7 za usanifu wa namna hii, miongoni mwazo kwamba kitu kiweze kutumiwa na watu wenye uwezo tofauti, kisihitaji nguvu nyingi, na mtu akikosea kisimdhuru. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa 2006 na kuridhiwa na Kenya 2008, umelichukua wazo hilo na kulieleza katika kifungu cha 2.

Nendeni kwenye kivuko cha Likoni mkalitazame kwa macho. Feri haina ngazi ya kuingilia: magari, mikokoteni, wajawazito, wazee na wenye viti vya magurudumu wote hupita kwenye mteremko mmoja. Hakuna mlango wa walemavu. Lakini maji yakipwa, feri hushuka na mteremko unakuwa mkali, na hapo mwenye kiti anarudi kwenye kubebwa. Mwenye mkokoteni naye anataabika papo hapo. Wawili hawa wana shida moja, na suluhisho lao ni moja.

Wala wazo hili si geni kwetu. Baraza za mawe za Mji wa Kale zilizojengwa nje ya nyumba humpumzisha mzee asiyeweza kwenda mwendo mrefu bila kuketi, na hakuna anayeziita vifaa vya wagonjwa. Milango ya nyumba hizohizo, kwa bahati mbaya, ina vizingiti virefu.

Mwenye duka mmoja wa mtaa wa Majengo aliniita kabla fundi hajamwaga zege la rampu. Kidato chake kilikuwa sentimita 15, kwa hiyo alihitaji mita 1 na sentimita 80, na mbele ya duka nafasi ilikuwepo. Tulimleta jirani yake anayetumia kiti akajaribu juu ya mbao kwanza, akatuambia pembeni pawekwe ukingo mdogo gurudumu lisiteleze. Zege lilipokauka nilikuwapo. Wa kwanza kupanda alikuwa hamali, na magunia mawili ya mchele kwenye mkokoteni. Jirani alifuata nyuma yake, akajisukuma mwenyewe mpaka kaunta, akaagiza sukari kilo mbili.